Shofere na Kombi Iliyokataa Kupanda

Hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti cha Shofere. Mkewe hakukaa, wanawe hawakukaa, na mimi, fundi wa pekee mwenye diploma katika mtaa mzima wa Alunguli hapa Kindu, nilizunguka nyuma ya kombi ile kwa miaka bila kuruhusiwa kukaa pale mbele hata kidogo. Ukitaka kuisogeza uani, utamngoja arudi kutoka msikitini. Ukitaka kusikia injini inavyovuta, atakanyaga yeye, nawe utasimama nyuma, maana injini ya kombi ya aina ile iko nyuma, na utasikiliza. Kiti kilivikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kila Alhamisi. Chini ya miguu yake palikuwa na zulia la mpira alilolikata mwenyewe na kulishonea waya pembeni, likabana sakafu kama ngozi inavyobana ngoma.

Nataka kumweleza kama nilivyomjua, si kama wanavyomsema. Wanasema alikuwa mzee mpole mwenye gari bovu. Hakuwa mpole, na gari halikuwa bovu. Hilo la pili nalisema kama mtaalamu. Leo kombi iko juu ya matofali, injini yake imeuzwa kipande baada ya kipande, na mwenyewe tumemzika. Hakuna atakayeumia nikisema, na jina langu nalo lina haki yake.

Aliendesha magari ya shirika la reli ujana wake wote, ndiyo maana mji mzima ulimwita Shofere, hata wajukuu zake. Kombi aliipata kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akiondoka Kindu asirudi tena. Ilikuwa kombi ya safari, yenye kitanda cha kukunja, kabati la vikombe, meza ndogo na mapazia ya maua madirishani. Mtu mwingine angeng'oa vitu vile apate nafasi ya abiria. Yeye hakung'oa hata msumari. Abiria walikaa ukingoni mwa kitanda wakiwa wamebanana, magoti yakigusa kabati, na ole wake aliyejaribu kujilaza. Kitanda, alisema, ni cha mgonjwa. Basi mtu mzima mwenye gunia la mihogo alisafiri wima kama askari, kando ya kitanda kizuri kisicho na mtu.

Alivaa shati jeupe na kofia ya kitambaa kila siku ya Mungu. Alikuwa Mwislamu wa familia za zamani za mji, lakini ndiye aliyebeba kwaya ya Wakatoliki kwenda na kurudi bila kudai kitu, na njiani aliwakosoa sauti zao. Alichukia uongo, na alisema hivyo mara nyingi, huku akinidanganya mimi usoni kila siku kuhusu injini ile. Alijisifu kwa kila kitu: usafi wake, macho yake, chai ya mkewe, breki zake. Mwendo tu ndio hakuwahi kuusifu. Ukimuuliza tutafika saa ngapi, alikuwa na neno moja: "Itafika." Halafu anafunga kioo.

Mimi niliondoka Kindu wakati wa vita, kijana mwenye kandambili na shati moja. Nilivuka ziwa, nikasukuma mkokoteni Kigoma, nikaosha magari Dar es Salaam, nikajisomesha ufundi wa magari bila mjomba wala padri wa kunishika mkono. Diploma niliyorudi nayo ina muhuri na picha yangu nikiwa nimefunga tai, na niliitundika mahali ambapo kila aingiaye gereji ataiona kabla ya kuniona mimi. Nje nilichora kibao kwa rangi ya mafuta: MAGARI YA AINA ZOTE, HAKUNA LINALOSHINDIKANA. Sikuandika kwa majivuno. Niliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Shofere alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Hakuja kuniomba nimtengenezee gari, nilimfuata mimi. Kila asubuhi kombi yake ilipita mbele ya kibao changu ikienda kwenye kivuko, bake kama tunavyokiita, kuvusha watu kwenda ng'ambo ya Lualaba, mjini penyewe. Na kila asubuhi, kwenye mteremko wa mawe unaotoka mtoni upande wa pili, kombi ilichoka katikati. Abiria wote waliteremka, wakavua viatu, wakasukuma. Ilikuwa desturi. Watu walikwisha kugawana nafasi za kusukuma: wanene katikati, wenye nguo za ofisi pembeni.

Aliyenichokoza zaidi ni mama mmoja muuza samaki, aliyekuja kutoka Lokandu kwa mtumbwi na vikapu vyake vya samaki wa moshi. Alikuwa na ulimi. Siku moja alisimama mbele ya gereji yangu, akasoma kibao chote kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akasema, "Injenyere, hii ya jirani yako inapandaka na miguu yetu. Njo aina gani ya magari, hii?"

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Shofere. Nilimwambia aniachie gari nilitazame.

"Haiko na ugonjwa," akasema.

"Baba, niangalie tu."

"Angalia. Macho haiharibu kitu."

Niliangalia. Injini isiyotumia maji, inayopozwa na upepo wa feni, ina magonjwa yake, na mimi nayajua. Kwanza nilipima mgandamizo wa silinda zote nne: zote ziko sawa, zingeweza kumtia aibu mwenye gari jipya. Nikarekebisha valvu injini ikiwa baridi, kama inavyotakiwa. Nikatoa buji, zile plagi za cheche, zikawa na rangi ya biskuti, rangi nzuri kabisa. Nikasafisha platini, nikaweka cheche itoke kwa wakati wake. Nikafungua kabureta, nikaichemsha, nikapuliza kila tundu. Nikapima pampu ya mafuta. Nikabadilisha chujio la hewa. Nikatazama kama feni imezibwa na majani, kama mabati yanayoongoza upepo yamekaa vizuri, kama kuna kiota ndani ya bomba la moshi. Nikainua kila gurudumu na kulizungusha kwa mkono, labda breki zinashika. Hazikushika. Alikuwa amesema kweli kuhusu breki zake.

Nikiwa nyuma, nilipovuta kabureta kwa mkono, injini ilinguruma hadi kuku wakaruka ukuta. Nikimwambia akanyage yeye, napo ililia kwa nguvu, nami nimeinamia nyaya za cheche, masikio yananiambia inatosha. Injini isiyobeba mzigo hulia hivyo hata kwa mafuta nusu. Fundi yeyote, awe wa Kindu au wa Ulaya, angeridhika. Kisha tunakwenda kivukoni, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda kama gunia, na katikati ya mteremko kombi inachoka.

"Nilikuambia," Shofere anasema. "Haiko na ugonjwa. Iko nzito tu."

Kulikuwa na kitu usoni mwake wakati ule, kama kuridhika. Nilikichukua kuwa furaha ya mzee anayeona msomi ameshindwa. Kilinichoma. Usiku nililala nikihesabu mabati ya feni.

Mkewe ndiye aliyezidisha. Siku moja aliniletea chai chini ya gari, akasema kwamba zamani, kabla ya vita, kombi hii ilipanda mteremko na kwaya nzima ndani wakiimba. Nikatoka chini ya gari haraka hadi nikagonga kichwa. Ikiwa ilipanda zamani, na injini ni ileile, basi kuna kitu kilichobadilika. Nikamuuliza ilianza kuchoka lini. Kabla hajajibu, Shofere akamwita kutoka barazani.

"Mama, maji inachemuka."

Maji hayakuwa jikoni. Nilijua, maana chai yenyewe nilikuwa nayo mkononi.

Siku ya soko mambo yakaharibika. Kombi ilikuwa imejaa, mteremko umejaa watu, na mama wa samaki akanikuta nimesimama kando na ovaroli yangu safi. "Injenyere," akasema, "diploma iko na mabega? Basi kuja usukume nayo." Watu walicheka hadi wenye mitumbwi. Nikasukuma. Tulipofika juu nikageuka, nikasema mbele ya wote kwamba kabla ya mwezi kuisha kombi hii itapanda na watu wote ndani, na mama huyu na vikapu vyake, na isipopanda nitashusha kibao changu kwa mikono yangu mwenyewe. Walipiga makofi. Shofere alikuwa kwenye kiti chake. Aliniangalia kupitia kioo cha ndani, na safari hii hakusema itafika.

Kuhusu vita, mtaa wote ulijua hadithi moja, na ilisimuliwa kama kichekesho. Kila kundi lenye bunduki lililoingia mjini lilitafuta magari. Rafiki wa Shofere, aliyefunzwa naye udereva kwenye karakana za reli, aliendesha pikapu ya tajiri mmoja, gari lenye nguvu, na alichukuliwa pamoja nalo. Halikurudi, naye hakurudi. Baadaye kidogo wakamchukua Shofere na kombi yake. Yeye alirudi kesho yake, uso umevimba, akiendesha polepole mno. Kombi ilikuwa imeshindwa kilima cha kwanza nje ya mji. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, wakaliita gari jeneza, wakaondoka zao. Wengine walikuja baada yao, wakajaribu, wakatukana, wakaiacha. Mtaani tukasema Mungu alimpenda Shofere ndiyo maana akampa gari bovu. Mimi mwenyewe nilikisimulia kichekesho hicho Dar es Salaam, na kilichekesha. Shofere hakukicheka kamwe, wala hakukikanusha.

Ijumaa moja, mwezi ukielekea mwisho, kombi ilikuwa kwangu na mwenyewe yuko msikitini. Mvua ikanyesha kwa fujo. Maji ya barabarani yakaingia uani, yakaelekea kwenye shimo la ukaguzi ambalo kombi ilisimama juu yake, na kingo zikaanza kumomonyoka. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Hakuwa na haja ya kuuficha, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Nikatoa kitambaa cheupe, nikakikunja, nikakaa. Nikawasha. Nikakanyaga mafuta.

Pedali ikashuka nusu, ikagonga kitu kigumu, ikakoma.

Nilifikiri ni jiwe. Nikaiondoa kombi shimoni, nikazima, nikakata waya wa zulia. Chini yake palikuwa na kipande cha mti mgumu, kimechongwa kwa uangalifu, kimefungwa sakafuni kwa boliti mbili. Juu yake pedali ilikuwa imechimba alama laini, inayong'aa, kama kizingiti kinavyochimbwa na nyayo. Hakikuanguka pale. Kilitengenezwa, na kilikuwa kimekaa miaka mingi.

Furaha niliyoisikia sijawahi kuisikia hata siku ya kupewa diploma. Nilifungua boliti, nikakanyaga hadi chini, nikaizungusha kombi uani ndani ya maji, na iliruka kama mbuzi. Kisha hasira ikafuata. Valvu zote zile! Kabureta niliyochemsha! Nikaweka kile kipande juu ya meza ndogo ya kombi, nikamngoja.

Alikuja amelowa. Aliona kitambaa kimekunjwa, zulia limekatwa, mti uko mezani. Hakupiga kelele. Alipanda ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, mahali pa abiria. Sikuwahi kumwona hapo.

"Nani alikupa ruhusa ya kukaa?"

"Mvua, baba."

"Rudisha muti fasi yake."

Nikamwambia vita viliisha zamani.

"Nani alikuambia imeisha? Weye haukukuwa hapa."

Ndipo akanieleza, akitazama mapazia badala ya kunitazama mimi. Kipande kile alikichonga kutoka mguu wa kitanda chake cha nyumbani, wiki ileile rafiki yake alipochukuliwa. Hakumwambia hata mkewe. Injini isingeguswa, maana askari nao wana mafundi wao, na fundi angeona. Lakini askari akikaa kwenye kiti anataka gari liende. Likikataa atatukana na kushuka. Hatafunua zulia.

"Mi walinipiga, lakini waliniacha," akasema. "Mwenzangu hawakumupiga. Walimupenda, juu gari yake ilikuwa na nguvu. Wakaenda naye."

Nilimwambia kwamba sasa ni wakati mwingine. Hakubishana. Alinikumbusha tu watu wanaofika kila wiki kutoka mashariki na magodoro kichwani, na askari walioongezeka bandarini, na pikipiki zilizochukuliwa juzi kwa kazi ya siku moja na hazijarudi. Siku kombi itakapopanda na watu wote ndani, alisema, mji mzima utaona. Na waliosimama pale na bunduki nao wana macho.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Nimeapa mbele ya watu. Kibao changu?"

"Kibao unaweza kuchora ingine. Shofere ingine hawatachora."

Nikachukua spana. Nilikirudisha kile kipande mahali pake mimi mwenyewe, kwa hasira, na kwa kuwa boliti zilikuwa zimeanza kulegea nikaongeza vioshi viwili vipya vya kuzikaza. Nikiharibu gari, naliharibu vizuri. Nikashona zulia. Yeye alisimama akinikagua, kisha akalaza kitambaa cheupe kitini na kukinyoosha kwa kiganja.

Mwezi ulipoisha, kombi ikapelekwa mtoni imejaa, watu wamejipanga pande zote mbili kutazama. Ikachoka katikati, mahali pake pa kila siku. Mama wa samaki hakucheka. Aliteremka, akapitisha kikapu chake kwa mwenzake, akasema, "Pole, Injenyere," kwa sauti ya msibani. Angecheka, usiku ningelala. Jioni ile nilipanda ngazi mbele ya jirani zangu, nikashusha kibao. Baada ya hapo wenye pikipiki walipeleka kazi zao kwa vijana ambao hawajui hata kwa nini mafuta huwaka, nami nikakaa chini ya diploma yangu nikiwa na jibu mdomoni nisiloweza kulitoa. Mtu asiyejua kitu akichekwa, hana cha kupoteza. Mimi nilijua kila kitu.

Shofere aliendelea kupita kila asubuhi mbele ya ukuta wangu usio na kibao. Alipiga honi mara moja na kusema kupitia dirishani, "Itafika." Kuna majira mazima nilimchukia. Na jioni nilikwenda kwake kunywa chai, kwa sababu ni yeye peke yake mjini aliyejua kwamba mimi ni fundi.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Mkewe aliniita asubuhi moja, nikamkuta amekwisha kulazwa kwenye kitanda cha kombi, pazia la maua limevutwa nusu, shati jeupe, kofia kifuani. Ilibidi avushwe kwenda hospitali. Alinielekeza kiti kwa kidole.

"Kaa."

Nikakaa juu ya kitambaa cheupe. Nikawasha. Akasema bado, tungoje mvua. Mawingu yalikuwa yamejaa, lakini mgonjwa wa moyo kungoja mvua ni jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nilimwambia hivyo, kwa ukali. Mkewe alishika mkono wake na kutazama nje. Mvua ikaanza, nikataka kuondoka, akasema bado, iache ikaze. Ilipokuwa inapiga bati hadi hatuwezi kusikilizana, akainua kidole.

Kivukoni hapakuwa na mtu. Wafanyakazi wa bake walituvusha wakiwa wamejifunika turubai. Ng'ambo, wauzaji wote walikuwa wamekimbilia sokoni, hata askari walikuwa ndani ya kibanda chao wamefunga mlango. Mbele yangu mteremko wa mawe ulikuwa mtupu, maji yakishuka juu yake. Nikaweka gia ya kwanza, nikauandaa uso wangu kwa aibu kama nilivyozoea, nikakanyaga.

Mguu wangu ukaenda mpaka sakafuni.

Kombi ilipanda. Ilipanda na sisi sote ndani, vikombe vikilia kabatini, injini nyuma yetu ikinguruma kama nilivyojua siku zote kwamba inaweza. Tukapita mahali pa kuchoka, tukapita mahali pa kuvulia viatu, tukatokea juu. Nikatazama kulia na kushoto. Hakuna mtu. Mama wa samaki hakuwapo. Hata mmoja wa wale walionicheka hakuwapo. Nilitaka kulia kwa uchungu. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani, nikamkuta Shofere amesogeza pazia, na hatazami barabara, ananitazama mimi.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akaingiza mkono chini ya mto. Akatoa kile kipande cha mti, na boliti zake zimefungwa ndani ya leso pamoja na vioshi vyangu viwili. Akaninyooshea.

"Rudisha, mbele ya kufika fasi ya watu."

Nikasimamisha kombi kando ya ukuta. Nikapiga magoti ndani ya maji, mlango wazi, mvua mgongoni, nikakifunga. Kwenye lango la hospitali kuna mwinuko mdogo, si kitu, baiskeli huupanda. Katikati yake kombi ikachoka. Walinzi wawili wakatoka kwenye mvua kutusukuma, na mmoja akainamia dirisha langu.

"Patroni," akasema, "hii gari uitafutie fundi."

Nikamwambia nitamtafuta. Nikakanyaga mpaka kwenye mti, nikawaacha wasukume.